Mtoto apelekwe Disneyland kwa mara ya kwanza akiwa na umri gani?

Mama_Zuhura

Habari zenu wazazi wenzangu. Naombeni ushauri manake humu ndani tumeshindwa kuelewana kabisa. Tunapanga kwenda Disneyland Paris, sio kesho wala keshokutwa ila likizo za kazini inabidi ziombwe mapema kwahiyo uamuzi unatakiwa sasa. Tuna watoto wawili, mkubwa wa kiume ana miaka 8, mdogo wa kike anatimiza 3 miezi michache ijayo. Baba yao anataka twende kabla huyu mdogo hajafika 3 sababu pale chini ya miaka 3 wanaingia bure, na anasema mkubwa kashasubiri vya kutosha, kila akiona tangazo anauliza lini. Mi moyo unaniambia tungoje mpaka mdogo awe na 5 au 6 angalau aelewe yuko wapi. Bado analala mchana yule, na akikosa usingizi wake jioni nyumba nzima hakukaliki, halafu ni muoga wa kelele, hata blenda ikiwashwa anakimbilia mgongoni kwangu. Mama mkwe naye kaongeza lake, eti mtoto wa umri huo hatakumbuka chochote, tutakuwa tumejipeleka wenyewe.

Sasa nyie mliokwisha peleka watoto kwenye hizi bustani kubwa za burudani, iwe Disneyland, Legoland au zingine, umri gani hasa unafaa? Nataka kusikia ukweli jamani.

baba_mapacha

Dada mi nakaa upande wako. Miaka 5 mpaka 7 ndio penyewe. Mtoto wa 5 anatembea mwenyewe, anasema nimechoka, anasema nataka chooni kabla mambo hayajaharibika, anaweza kusimama foleni nusu saa ukimpigia stori. Wa miaka 2 na kitu huyo unambeba wewe, na mizigo yake unabeba wewe, mwisho wa siku ukiulizwa uliona nini unasema niliona mgongo wa mtu aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni.

Na kuhusu kumbukumbu mama mkwe hajakosea. Watu wazima wengi ukiwauliza kitu cha kwanza kabisa wanachokikumbuka utotoni wanakutajia cha miaka 3 au 4 hivi, nyuma ya hapo giza tupu. Kwahiyo kama lengo ni aje akumbuke ukubwani, ngojeni. Bure ya mlangoni isiwapeleke mbio, nauli na malazi si mtalipa vilevile?

Kidoti

Samahani baba mapacha mi hilo la kumbukumbu huwa linanikera kidogo, sio wewe ila hoja yenyewe maana kila mtu anaitoa. Mtoto wa miaka 2 na nusu hatakumbuka akiwa na 30 sawa, lakini anakumbuka wiki ijayo, anakumbuka mwezi ujao, anaanza kukwambia mwenyewe "mama farasi wanazunguka" ukiwa unamuogesha. Hiyo haina thamani? Mbona tunawaimbia, tunawasomea vitabu, tunawapeleka kwa bibi zao, hakuna anayesema tusubiri mpaka watakapoweza kukumbuka. Na hata mzazi naye yumo kwenye safari, anakumbuka yeye. Wangu alienda mdogo sana na sura yake alipoona taa za gwaride zinapita siwezi kuisahau mpaka naingia kaburini.

Halafu umri wa miaka 2 mpaka 4 ndio umri wa kuamini. Yule mtu aliyevaa vazi la panya kwa mtoto wa miaka 3 ni panya kweli, amekuja kumsalimia yeye. Wa miaka 8 anaanza kutafuta zipu iko wapi.

Mama Zuhura nendeni tu mwaya.

Mpima_Urefu

Nimesoma yote nikaona ngoja nichangie maana hii kazi niliifanya miaka kadhaa, sitataja wapi, nilikuwa nasimama kwenye lango la rola kosta, ile treni ya burudani inayopanda na kushuka kwa kasi, na ule mti wa kupimia urefu. Naomba mnivumilie itakuwa ndefu.

Mnabishana miaka lakini kule ndani mtoto anapimwa sentimita. Mhudumu wa mashine kubwa haulizi mtoto ana miaka mingapi, anamsimamisha kwenye alama, visigino chini, basi. Na sio roho mbaya. Kile chuma kinachoshuka kumfunga mtoto kimetengenezwa kukaa juu ya mapaja na nyonga za mtu wa kimo fulani kwenda juu. Mtoto mfupi kinabaki na nafasi chini yake, treni ikishuka kwa kasi au ikikata kona mwili unateleza kwenye hiyo nafasi. Pia mtoto mdogo shingo bado laini na kichwa kizito ukilinganisha na mwili wake, na hana akili ya kukaa ameegemea muda wote, akiona kitu anainama. Ndio maana hata mtoto mrefu kwa umri wake, mzazi bado ajiulize kama anaweza kukaa alivyoambiwa mpaka mashine isimame. Na zipo mashine zinazotaja umri pia pamoja na urefu, kwahiyo soma vyote viwili.

Sasa namba. Mashine yenye jina linalofanana inaweza ikawa na masharti tofauti kila ilipo. Chukua Space Mountain, rola kosta ya Disney ya ndani ya giza: ya California ni sentimita 102, ya Florida ni 112, na ile dada yake iliyoko Paris ni 120. Kwahiyo usisome masharti ya mahali pengine ukadhani umemaliza, fungua tovuti ya bustani mnayokwenda nyinyi. Ile treni ya mgodini inayoitwa Big Thunder Mountain pale Paris ni 102. Ukiangalia hizi bustani kubwa utaona namba zinarudi zilezile, kuna kundi la 102 hivi, kundi la 110 na kitu, halafu kundi la 120 na kuendelea ambalo ndio vile vya kupindua tumbo.

Na ukichukua vipimo vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kike wa miaka 3 wastani ni kama sentimita 95, wa miaka 4 ni 103, wa 5 ni 109, wa 7 ni 121 hivi. Wa kiume anazidi kidogo sana. Yaani 102 mtoto wa kawaida anaifikia karibu na miaka 4, ile 120 anaifikia karibu na 7. Hapo unaona kwanini baba mapacha anasema 5 mpaka 7 na anachosema kina maana, ila sio kwamba wa miaka 3 hana cha kupanda. Farasi wa kuzunguka, Dumbo yule tembo anayeruka, vikombe vinavyozunguka, boti za polepole zinazopita kwenye midoli, hivyo havina sharti la urefu, mtoto anakaa na mzazi wake. Na Legoland kwa mfano zimejengwa hasa kwa watoto wa kuanzia miaka 2 mpaka 12, kule wadogo wana vitu vyao vingi zaidi.

Kilichokuwa kinaniuma pale langoni ni hiki. Familia imesimama foleni saa nzima kwenye jua, wanafika kwangu, mtoto anasimama kwenye mti kakosa vidole viwili. Baba anaanza "jamani kidogo tu", mama anamvuta mtoto shingo, nimeshaona mtoto kawekewa karatasi ndani ya viatu, anatembea kwa ncha za vidole. Mi siwezi kumruhusu, na yule mtoto hajui sentimita ni nini, yeye anachoelewa ni kwamba kuna mtu mzima kamwambia hapana mbele ya watu wote, midomo inaanza kutetemeka. Yote hayo yanaepukika nyumbani. Mpime mtoto ukutani asubuhi, hana viatu, muandikie kabisa anachoruhusiwa na asichoruhusiwa, na asichoruhusiwa usikitaje mbele yake wala usimuonyeshe video yake. Mpeleke kwenye vile vyake tu, atafurahi siku nzima.

Mama Zuhura wapime wote wawili utuletee namba, ndio tutakushauri vizuri.

Da_Rehema

Urefu sawa kabisa ila mtoto wa Mama Zuhura kinachoonekana ni uoga na usingizi, na hivyo haviwezi kupimwa ukutani.

Wangu wa pili alikuwa hivyohivyo. Wale waliovaa mavazi ya wanyama jamani ni wakubwa sana, kichwa peke yake kinamzidi mtoto, hakifumbi macho, hakiongei. Watoto wengi wa mwaka 1 mpaka 3 wakikaribiwa na kitu kile wanapiga mayowe na ni haki yao. Tulichofanya tulimwacha asimame mbali na baba yake anapunga mkono tu, sisi hatukumsukuma, akaangalia watoto wengine wanakumbatiwa, akaangalia tena, mwishowe mwenyewe akaachia mguu wa baba yake akasogea hatua mbili akanyoosha kidole kimoja akagusa glavu. Basi, hakutaka zaidi, na tukaishia hapo. Mpaka leo anahadithia kile kidole.

Giza nalo liangaliwe. Boti nyingi na vigari vinavyoonekana vya kitoto vinaingia kwenye mapango ya giza, kuna radi, kuna mtu anachomoza ghafla. Havina sharti la urefu kwahiyo mzazi anadhani ni salama, salama ni salama lakini wa miaka 3 mpaka 5 ndio umri ambao kuogopa giza kunakuwa kwingi. Tazama video ya safari nzima ya hiyo boti kwanza wewe mwenyewe, siku hizi zimejaa mtandaoni, halafu ukiona inafaa mwonyeshe na yeye ili akiingia ajue nini kinakuja.

Kelele, mnunulieni zile hedfoni za kuzuia sauti za watoto, zile kubwa zinazofunika masikio yote. Kama blenda tu inamkimbiza basi fataki za usiku zitamuua. Na fataki zenyewe sio lazima, mtoto wa miaka 3 saa hizo alitakiwa awe ameshalala.

Kuhusu usingizi wa mchana msiupambanie, upangieni. Fikeni geti linapofunguliwa, asubuhi foleni ni fupi, mchezeni mpaka kabla ya saa sita, kula, halafu rudini mlikofikia mtoto alale kitandani, mrudi jioni jua likipoa. Inaonekana kama kupoteza muda ila masaa mnayotoka ndio masaa ambayo bustani imejaa kuliko yote na jua kali, hamkosi kitu cha maana. Kwahiyo kama mnaenda na mdogo hoteli iliyo karibu ina faida kuliko iliyo nzuri. Na msiache kigari cha kumsukuma hata kama mtoto anatembea vizuri, kule mnatembea kilomita na kilomita na hata wa miaka 5 miguu inakataa.

baba_mapacha

Da Rehema umeeleza vizuri nashukuru, na Kidoti nimekuelewa. Ila nina wasiwasi na kitu kimoja hamjakigusa. Huyu mkubwa wa 8. Mkizungusha kila kitu kwenye usingizi wa mdogo na uoga wa mdogo yule kaka mtu atakuwa ameenda kusindikiza. Na mdogo akiona kaka yake anakimbilia treni na yeye anazuiwa atalia tu, hata usipomtajia. Kwangu mapacha wangu wametofautiana urefu kidogo tu na siku moja alipanda mwenzie na yeye hakupanda ilikuwa kasheshe, na hao wamelingana umri.

Ndio maana nikasema wangoje.

Mama_Zuhura

Asanteni sana, sikutegemea mtaandika hivi. Nimewapima. Mkubwa 126, mdogo 94. Mdogo hakutaka kusimama wima ikabidi tumwambie kaka yake asimame kwanza ndio akakubali, kwahiyo inaweza ikawa 94 na nusu.

Baba mapacha umenigusa hapo kwa mkubwa, mie mwenyewe nilikuwa sijamfikiria hivyo, nilikuwa nawaza mdogo tu. Tukisubiri mdogo afike 6 huyu atakuwa na 11. Sijui kama bado atakuwa na hamu ile.

Mpima_Urefu

Hizo namba zimejibu swali lako nusu nzima.

Huyo wa 126 karibu milango yote iko wazi kwake, yuko miaka 8, bado anaamini mambo kiasi na tayari ana ujasiri, ni umri mtamu sana huo. Ukimsubirisha mpaka 11 atapanda mashine zilezile, urefu hautamfungulia mengi mapya. Wa 94 sasa hivi anakosa karibu vyote vyenye sharti. Akingoja mpaka karibu na miaka 4 atakuwa kwenye 102, hapo anapata lile kundi la kwanza, treni ya mgodini na nyinginezo. Ungekuwa na huyo mdogo peke yake ningekwambia ngoja awe na 4 na nusu au 5 bila kusita, nakubaliana na baba mapacha. Lakini una wawili na mmoja wakati wake ni huu.

Kuhusu baba mapacha anachoogopa, hizi bustani kubwa nyingi zina utaratibu wa wazazi kupokezana. Mnafika wote langoni, mnamwambia mhudumu mna mtoto asiyefikia urefu, mzazi mmoja anapanda na mkubwa, mwingine anabaki na mdogo, wakishuka wanabadilishana na yule wa pili hapangi foleni upya. Mara nyingi mkubwa anapanda mara mbili, sasa hapo nani atasema kaenda kusindikiza? Disney wanao huo utaratibu, ulizeni langoni maana kila mahali unaendeshwa kwa namna yake. Na yule anayebaki asimame na mdogo pale pale getini wakitazama treni inapita bila yeye? Hapana, aondoke naye kabisa, awe na kitu chake wanachokwenda kufanya wawili, farasi, kuangalia bata, aiskrimu, chochote. Mtoto wa umri huo halilii treni, analilia kuachwa amesimama.

Jambo jingine mkubwa akipanda vya kuzunguka asiwe ametoka kula sasa hivi. Kichefuchefu cha mwendo wadogo wa chini ya miaka 2 ni nadra kukipata, hawa wa umri wake ndio kinawakamata sana.

Kidoti

Mama Zuhura na mimi niongeze moja, kabla ya kulipa chochote mpeleke mdogo kwenye viwanja vya bembea vya kawaida vilivyo karibu nanyi, vile vyenye farasi wa kuzunguka na muziki na watu wengi. Mfanye kama ndio safari yenyewe, foleni, kelele, jua, mchana bila kulala nyumbani. Utamjua. Kama baada ya saa moja anataka kurudi tena kwenye farasi mpo salama, kama kajificha shingoni kwako muda wote basi una jibu na haijakugharimu nauli ya ndege.

Na mvishe bangili yenye namba yako ya simu, umri wowote, hata huyo wa 8. Mpige na picha asubuhi hiyo akiwa na nguo alizovaa, akipotea kwenye umati huhangaiki kukumbuka kavaa rangi gani.

baba_mapacha

Hilo la kupokezana nilikuwa nalisikia tu sijawahi kulitumia, nimekubali. Kwa hizo namba zenu basi na mimi nabadilisha, nendeni. Ila dada hiyo habari ya kukimbizana na bure ya chini ya miaka 3 waachieni watu wengine. Mkienda kwa haraka ili mwahi siku ya kuzaliwa mtaangukia likizo za shule ambapo kila mtu yuko kule, foleni mara mbili. Siku za katikati ya wiki shule zikiwa zimefunguliwa, mkilipa tiketi ya mtoto mtakuwa mmenunua utulivu. Huyo wa 8 akikosa shule siku mbili tatu mwalimu akijulishwa mapema sidhani kama kuna neno.

Da_Rehema

Naunga mkono. Na miezi minne mitano kwa mtoto wa umri huo ni mingi mno, sasa hivi anakimbia blenda, baadaye utamkuta anaibonyeza mwenyewe. Vipi nepi, ameshaacha? Manake hilo nalo lina uzito wake kwenye foleni, mtoto aliyeanza kuacha juzi ndio mgumu kuliko anayevaa bado. Kama yuko katikati ya kuacha mvalishe siku hiyo bila aibu yoyote.

Mama_Zuhura

Mchana kaacha, usiku bado. Kwenye safari nitamvalisha, asante kwa kunitoa wasiwasi.

Nimemsomea baba yao yote haya jana usiku. Tumekubaliana tunaacha kukimbizana na siku ya kuzaliwa, tutaenda shule zikiwa zimefunguliwa, mdogo atakuwa na 3 na miezi kadhaa. Siku ya kwanza ni ya mdogo, asubuhi tu halafu kulala, ya pili baba na mkubwa wanaanza wao getini mapema sisi tunawafuata baadaye. Jumamosi hii tunampeleka kwenye farasi wa kuzunguka kama Kidoti alivyosema, na hedfoni nimeshaagiza nianze kumzoesha nazo jikoni.

Mpima Urefu swali la mwisho, mkubwa nywele zake ni nyingi za kusimama, pale kwenye mti wanapima na nywele au wanazishusha?

Mpima_Urefu

Wanazishusha kwa mkono, mti unagusa kichwa sio nywele. Ila kwa 126 hata akinyolewa kipara hana shida na ile ya 120. Akienda avae viatu vya kawaida vya kufunga kamba, ndala zinachomoka mguuni na mashine nyingine hawamruhusu mtu kupanda nazo.